Nta kwenye Meno ya Katekista

Dionis wa Ntalikwa hakupigania uhuru, hakumzaba Mwingereza kofi, hakuanzisha chama chochote. Nasema mapema ili anayetafuta shujaa aende zake, asije kunijazia malalamiko kwenye maoni. Dionis alikuwa katekista wa kijiji, Mnyamwezi wa makamo, mwenye kanzu moja nyeupe na maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kufundisha sala, kusoma masomo ya Jumapili padri asipofika, na kuwaambia watu wengine wanakosea wapi. Hiyo ya tatu hakuna aliyempa. Alijipa mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya thelathini na kitu, Mwingereza katulia Tabora kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda akadhani kapewa nyumba. Dionis naye alikuwa na maadui wawili duniani: shetani, na utani. Shetani alikuwa anamvumilia kidogo.

Ninyi mnaodhani utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu, nisikilizeni. Utani wa makabila ulikuwa mkataba. Ulizaliwa kwenye njia ya misafara, kati ya pwani na Tabora, watu wakiwa na pembe za ndovu mabegani na malengelenge miguuni. Mzaramo akikutana na Mnyamwezi njiani, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupigana, basi wakaruhusiana kutukanana. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Anaweza kuondoka na kuku wako. Siku ya msiba anashuka kaburini, analala humo, anagoma kutoka mpaka apewe kitu. Na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako.

Mtani wa Dionis alikuwa Mwanahawa binti Shomari, mkaanga vitumbua wa mjini. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na msafara, miguu ikamvimba alipofika Tabora, akapiga hesabu akaona kuoa ni rahisi kuliko kurudi. Mwanahawa mwenyewe hakuwahi kuiona Uzaramo hata kwenye ndoto. Lakini akimwona Mnyamwezi tu, Uzaramo wote unampanda kichwani.

Alipofariki mama mkwe wa Dionis, Mwanahawa alitembea kutoka mjini mpaka Ntalikwa, akasalimia wazee vizuri kabisa, shikamoo huku, shikamoo kule, halafu akakunja kanga yake akashuka kaburini akajilaza.

"Toka humo, mwanamke!" Dionis alifoka, kitabu cha sala mkononi. "Marehemu ni Mkristo huyu!"

"Najua. Ndiyo maana namjaribia kitanda. Mh, hapa kwenye mbavu pana jiwe. Wanyamwezi, hata kuchimba hamjui? Nipeni jogoo nitoke."

Waombolezaji wakaangua kicheko. Apolinaria, mke wa Dionis, ambaye aliyekufa ni mama yake mzazi, na tangu juzi yake alikuwa hajala wala kusema, naye akacheka huku machozi yanamtoka, akaagiza jogoo aletwe. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Watu wote walielewa, isipokuwa katekista. Jumapili akahubiri kwamba utani ni ushenzi na Mkristo aliyekamilika hatukanwi na muuza vitumbua.

Sasa kuna jambo moja ambalo Ntalikwa nzima ililijua na hakuna aliyelisema.

Wanyamwezi wa umri wa Dionis walichongwa meno. Kijana akifika rika, fundi anachukua patasi ndogo, anabandua kona za ndani za meno mawili ya mbele ya juu, inabaki nafasi kama kipaa cha nyumba katikati ya mdomo. Ilikuwa urembo. Dionis alichongwa kama wenzake, akafurahi kama wenzake, akaoa kwa urembo huo huo. Halafu akabatizwa, akasoma, akapewa ukatekista, na akaanza kuuonea haya mdomo wake. Akatafuta nta ya nyuki, kitu ambacho Tabora hakijawahi kuadimika, akaianika juani mpaka ikawa nyeupe, na kila asubuhi kabla hajatoka chumbani akaiviringa, akaziba lile pengo, akailainisha kwa kucha. Kwa mbali ungesema meno ya mzungu.

Tatizo la nta ni kwamba haiwezi ugali. Wala chai. Kwa hiyo Dionis hakula mbele za watu, na uji wa moto akiletewa alikataa kwa mkono, macho juu. Parokia nzima ikaamini anafunga. Kuna wamama walimwombea apunguze kufunga asije akadhoofu. Mtu anaona haya ya meno yake, watu wanamwona mtakatifu! Na wale waliojua, yaani majirani, mkewe, na rika lake lote, walinyamaza. Heshima. Utamwambiaje katekista meno yake ni ya nyuki?

Basi ndipo taya likaanza kuvimba.

Lilianza juu, upande wa kushoto, kama mtu aliyeweka kipande cha muwa shavuni. Kisha jicho likasukumwa kidogo. Kisha kaakaa likashuka, kushoto mpaka kulia, na sauti aliyokuwa anaitegemea kwa kila kitu ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Dionis akasema ni majaribu. Apolinaria akasema ni uvimbe, akamburuta hospitali.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, majengo mawili na jiko, nje ya mji. Leo hata msingi wake huuoni. Daktari alikuwa Mwingereza mrefu, miwani mizito, ambaye watu walimwita Bwana Rula kwa sababu alipima kila kitu. Alipima dirisha. Alipima mbwa wake. Lakini alikuwa na sababu, nayo haikuwa ya kuchekesha. Kituo alichotoka kabla ya Tabora, alimkata mtu uvimbe kama huu akifuata vipimo vya kitabu. Vipimo vya kitabu vilichukuliwa kwenye mafuvu makavu ya huko kwao. Kisu kilikwenda ndani kuliko kilivyotakiwa, na mtu yule hakushuka mezani akiwa hai.

Nawaeleza kilichopo humo ndani, maana hata mimi nilikuwa sijui mpaka nilipokaa nikasoma. Taya la juu limeegemea chini ya fuvu kama kibaraza kilivyoegemea nyumba. Unaweza kubomoa kibaraza, nyumba ikabaki. Lakini nyuma ya kibaraza, pale kinapogusana na nyumba, unapita mshipa mkubwa wa damu, na juu yake ni sakafu ambayo ubongo umekalia. Mahali hapo pana alama. Pitisha kidole nyuma ya jino lako la mwisho la juu, bonyeza, utakuta kijipembe kidogo cha mfupa. Jaribu. Nawa mkono kwanza. Hapo ndipo taya linapoishia. Daktari akijua umbali wa kutoka ncha ya meno ya mbele mpaka hapo, anajua kisu kisimame wapi.

Kwa Dionis, uvimbe ulikuwa umekifunika kijipembe pande zote mbili. Kidole hakipati kitu. Kwa hiyo Bwana Rula akasema: sikati mpaka nipime vinywa vya watu wa hapa hapa, wengi, nijue taya la watu hawa linaishia wapi. Na akasema pia kwamba uvimbe hausubiri. Ukichelewa utaingia kwenye fuvu, na hapo hata ikipimwa Tabora nzima haitasaidia.

Akatoa chuma chake cha kupimia, chenye miguu miwili iliyopinda kama pembe za ng'ombe. Watu wakakiita Pembe. Akawaita wagonjwa wa nje, mmoja mmoja, akawalaza chali juu ya meza, akawakunjia mikono kifuani ili watulie, akaleta kipimo.

Wakatoka mbio. Mmoja alipitia dirishani.

Ukitafakari, utawalaumu? Kule Tabora, anayelazwa chali na kupimwa ni maiti. Waislamu wanakata ufito kwa urefu wa marehemu ili mwanandani wa kaburi utoshe. Wakristo wanamwita seremala. Mtu mzima mwenye afya anayepimwa amelala anaitiwa kaburi, hakuna tafsiri nyingine. Bwana Rula miaka yote hiyo nchini, hakuna aliyekuwa amemwambia. Naye hakuuliza. Aliandika tu kwamba wenyeji wana hofu zisizo na sababu.

Akamtuma Hilari, dresa wake wa kufunga vidonda, akawabembeleze watu. Hilari alikuwa mtu mzima, mpole, aliyefundishwa komunyo na Dionis mwenyewe. Akazunguka sokoni, akarudi na vumbi. Ikabidi Dionis, pamoja na shavu lake, asimame kanisani awaambie waumini kwamba kupimwa si uchuro, ni elimu, na anayekataa anamkataa Mungu aliyempa daktari akili.

"Na wewe umepimwa, katekista?" akauliza mzee mmoja kutoka benchi la nyuma, kwa adabu zote.

Dionis akasema yeye atapimwa muda ukifika. Halafu akawaombea wote kwa haraka.

Muda ukapita. Uvimbe ukaongezeka. Dionis akalala kibarazani kwenye kitanda cha kamba, ndugu wamekaa kumzunguka, kimya, vichwa chini, heshima imejaa mpaka hewa haipiti. Hilari amekuja kumsafisha mdomo, naye anafanya kazi huku amefumba macho nusu ili asione nta.

Ndipo sauti ikasikika kwenye kona ya nyumba.

"Hodi sipigi! Nyumba ya mtumwa wangu hii!"

Mwanahawa, kapu la vitumbua kichwani, ufito mkononi.

"Shemeji Apolinaria, mbona mmekaa kama mmesharudi makaburini? Bado anapumua huyu?"

"Anapumua, mtani," Apolinaria akajibu, na mabega yakamshuka kama aliyetuliwa mzigo.

"Basi nimewahi." Akatua kapu, akanyoosha ufito kando ya mgonjwa, kisigino mpaka utosi. "Mh! Jamani! Kaburi la kawaida halifai. Mwili wa kuku, kichwa cha nyati. Kichwa tutakichimbia shimo lake pembeni."

Ndugu wakalipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja akaanguka kwenye mkeka. Dionis akajiinua kwa kiwiko.

"Mwanamke, ondoka. Unanitakia kifo nyumbani kwangu."

"Nikutakie kazi gani? Nimeshakupima mimi. Kifo kikija kitakuta mtu kashapimwa, kitaona haya kitarudi. Lala huko, mtumwa. Mnyamwezi akiumwa anakuwa na maneno kama karani."

Hilari akabaki na kitambaa mkononi. Mtu amelazwa, amepimwa kwa ufito, mchana kweupe, na hakuna aliyekimbia. Wamecheka! Kwa sababu ukipimwa na mtani, uchuro unageuka mchezo. Mtani anakubeza kwa mambo ya kifo ili kifo kikose pa kushika. Akamwuliza Mwanahawa, kwa unyenyekevu, kama angekubali kupima watu kwa chuma cha daktari.

"Nitapima. Ila Mzungu wako ajue, mimi sipimi mtu kimya. Mkono na mdomo wangu vinafanya kazi pamoja."

Hivyo ndivyo utafiti wa Bwana Rula ulivyohamia nje, kando ya ukuta wa jiko la hospitali, na ukawa kitu cha kuchekesha kuliko vyote vilivyowahi kutokea Tabora. Watu walikuja kutoka mjini na vijijini. Wapo waliodandia lori la pamba kutoka Igunga kwa ajili ya kuja kutukanwa. Mwanahawa akawapima Wanyamwezi. Wanyamwezi nao wakadai haki yao, wakawapima Wazaramo wa mjini. Hilari anasoma namba, Bwana Rula anaandika.

"Fungua! Ongeza! Mashamba mazima ya mihogo yamepita hapa, leo ndiyo unaona haya?"

"Aa, taratibu mtani, unaning'oa ulimi."

"Ulimi wako uking'oka mkeo atanichinjia mbuzi. Hilari, soma. Huu ni mdomo au banda la treni?"

Bwana Rula, Kiswahili chake cha vitabuni, hakupata hata nusu. "Hilari, yeye nasema nini?"

"Anawashukuru kwa kuja, Bwana."

"Na yule nacheka nini?"

"Anashukuru na yeye."

Zama hizo walikuwepo wazungu wengine wakipima vichwa vya watu Afrika nzima ili wapange nani ana akili na nani kazaliwa kubeba mizigo. Bwana Rula hakuwa wa hao. Alitaka tu asiue mtu. Lakini nikiri, wote walitumia chuma cha aina moja, na rafiki zake kule baa ya wazungu walimwuliza sana taya la kabila gani limetoka fupi. Akawajibu kwa huzuni kidogo kwamba ndugu wawili wa tumbo moja walitofautiana kuliko Mzaramo na Mnyamwezi. Hawakupenda jibu hilo. Wakaagiza kinywaji kingine.

Siku ya mwisho Mwanahawa akamgeukia Bwana Rula mwenyewe.

"Na huyu nani mtani wake?"

Ikaonekana hana. Mtu mzima, kavuka bahari, hana hata mtu mmoja duniani wa kumtukana kihalali. Mwanahawa akamwonea huruma ya kweli. Akamwambia kuanzia leo mtani wake ni yeye, akamfungua mdomo, akampima. Namba yake ikaangukia katikati kabisa ya Wanyamwezi.

"Bwana, kumbe wewe ni Mnyamwezi uliyemwagikiwa maziwa!"

"Nasema nini?"

"Anasema una afya njema, Bwana."

Sasa Bwana Rula alikuwa na anachokitaka: umbali salama kutoka ncha ya meno ya mbele mpaka mwisho wa taya. Siku ya kukata, Hilari angemsugua Dionis kinywa chote kwa maji moto ya chumvi, kisha daktari angeweka mguu mmoja wa Pembe kwenye ncha ya meno ya mbele, ule mwingine ungeonyesha kisu kisimame wapi. Rahisi.

Umeshaona tatizo? Waliopimwa karibu wote walikuwa vijana na watu wa mjini, meno yao mazima. Wazee waliochongwa walibaki shamba, au, kama Dionis, walikwisha fundishwa kuionea haya midomo yao. Maji moto yangeyeyusha nta. Mguu wa Pembe ungeanzia kwenye jino lililobanduliwa, ndani zaidi, na mguu wa pili ungesogea ndani kwa kiasi kile kile. Upana wa punje ya mtama tu. Shambani punje ya mtama si kitu. Nyuma ya taya, ndiyo nafasi yote iliyopo kati ya kisu na ule mshipa.

Siku moja kabla ya kukatwa, Dionis aliitwa aangaliwe mara ya mwisho. Alikubali kwa sharti kwamba Mwanahawa asiwepo. Anataka kuhudumiwa na watu wenye adabu. Akaja amepaka nta mpya, kanzu imepigwa pasi. Apolinaria kasimama nyuma yake, Hilari kashika taa. Bwana Rula, na ile miwani yake, macho yote yako kwenye uvimbe. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima, akauliza.

"Meno ya mbele. Mazima?"

Hebu fikiria. Roho ya mtu iko kwenye swali hilo moja. Na Dionis, aliyewahubiria watu dhambi ya uongo Kwaresima zote, akanyoosha shingo.

"Mazima, Bwana."

Hilari akatazama sakafu. Apolinaria akatazama dari. Adabu ikatawala chumba chote, na kama ingeendelea kutawala, mazishi yangekuwa keshokutwa.

"Mazima?" sauti ikatoka mlangoni. Mwanahawa alikuwa amewaletea wagonjwa vitumbua; nani angemzuia? "Mazima kwa nani? Hayo ya mbele umekopa kwa nyuki! Wajomba zako wamekuvunja mlango kwa patasi, wewe umeuziba kwa nta, unamwambia Mzungu nyumba haijabomoka! Mtumwa mwongo! Kunywa chai basi tukuone!"

Apolinaria akasokomeza kanga mdomoni, lakini kicheko kikamtoka puani.

"Hilari, yeye nasema nini?"

"Anasema... pole, Bwana."

Bwana Rula akamtazama Apolinaria anavyotikisika. Akamtazama Dionis, aliyefunga mdomo kama kufuli.

"Hilari. Neno kwa neno."

Hilari akamgeukia mwalimu wake wa komunyo. Jasho linamtiririka. Dionis akamtikisia kichwa: usithubutu. Na huyo dresa mpole, ambaye kwa wiki zote hizo aligeuza kila tusi kuwa shukrani, akalitafsiri tusi zima, la nyuki, la patasi, la mlango na la chai.



Bwana Rula akachukua taa mwenyewe. "Fungua mudomo." Akaingiza kijiti cha chuma kati ya yale meno mawili, akasukuma kidogo. Nta ikachomoka nzima, umbo la kipaa, ikadondoka kwenye kanzu.

Daktari akakaa kwenye kiti. Akakiangalia kile kipande cha nta, akaiangalia Pembe, akaweka nta kati ya miguu ya chuma hicho akapima. Uso ukampauka. Akamwambia Hilari amweleze mgonjwa, taratibu, kesho ingekuwaje.

Dionis alipoelewa, unadhani alishukuru? Alisema, "Mmeniaibisha mbele ya watu."

Apolinaria alitoa kanga mdomoni. Huyu mama hakuwa mtu wa maneno, alikuwa kaolewa na mtu aliyeyamaliza yote. "Baba Pelagia," akasema, "sisi wote tulikuwa tunakuheshimu. Tulikuwa tunakwenda kukuheshimu mpaka makaburini. Mpe huyu mwanamke jogoo."

Bwana Rula hakulala usingizi mzuri, nadhani. Aliwaita tena watu kadhaa waliokaa karibu, Mwanahawa akawapima upya, safari hii kuanzia ukingo wa ufizi, ambao hakuna patasi iliyowahi kuufikia. Kukata kukasogezwa mbele kidogo. Siku ilipofika, Dionis alilazwa chali, mikono ikakunjwa kifuani, na macho yake yakaanza kuzunguka chumba kama ya wale waliotoroka. Mhubiri wa kupimwa! Alikuwa anatafuta dirisha.

"Mwiteni," akasema kwa ile sauti ya mtungini.

"Nani, mwalimu?" Hilari akauliza.

"Unamjua nani."

Haikuhitajika kumwita. Alikuwa amesimama nje ya dirisha tangu asubuhi.

"Nipo, mtumwa! Nimeshachimba! Ukifa nalala humo wiki nzima, na jogoo mmoja hanitoi, nataka ng'ombe! Apolinaria, ng'ombe yupo?"

"Hayupo," Apolinaria akajibu.

"Basi huna ruhusa ya kufa, fukara wewe! Lala!"

Alilala na dawa ya usingizi huku kona ya mdomo wake, ya upande ule mzima, imejikunja, Hilari aliapa, kama mtu anayecheka. Kisu kiliingia, kikafika kilipotakiwa kufika, kikasimama. Kibaraza kikabomolewa. Nyumba ikabaki.

Aliamka na shavu lililobonyea na tundu kwenye kaakaa ambalo uji ulipitia ukatokea puani. Bwana Rula akamtengenezea kizibo. Na ili kizibo kikae sawasawa, umbo lake lilichukuliwa kwanza kwa kukanda kitu laini ndani ya kinywa chake. Unajua ni kitu gani. Safari hii Dionis aliitoa nta mwenyewe mfukoni, bila kuambiwa. Kizibo chenyewe kikatengenezwa kwa mpira mgumu, na akikivaa aliweza kusema, ingawa herufi nyingi zilipitia puani kabla ya kutoka. Pengo la mbele aliliacha wazi. Nyuki wakapumzika.

Jumapili ya kwanza ya kurudi kanisani, padri hakufika, kwa hiyo Dionis akapanda kusoma somo. Akasoma lote. Ilikuwa ni kama kusikiliza nzi ndani ya chupa. Kanisa zima likakaa wima, nyuso zimekaza, hakuna aliyetabasamu wala kukohoa. Alipomaliza wakatoka mmoja mmoja, wakamshika mkono, wakamwambia amesoma vizuri sana. Vizuri sana, mwalimu. Sauti ile ile, mwalimu. Haijabadilika hata kidogo.

Dionis akawapita. Akatoka mpaka barabarani, ambako Mwanahawa alikuwa ameweka kapu lake akiwasubiri wateja wa baada ya ibada. Akasimama mbele yake na kanzu yake nyeupe. Akangoja. Mwanahawa akaendelea kupanga vitumbua.

"Hukunisikia leo?" Dionis akauliza mwishowe.

"Nilisikia kitu," akajibu bila kuinua macho. "Nikadhani mbuzi wa padri kaingia altareni. Kumbe ni wewe?"

Dionis akacheka. Hakuwa amecheka hadharani tangu alipobatizwa. Alicheka kwa mdomo wazi, pengo nje, mpaka kizibo kikachomoka, kikaruka, kikatua katikati ya vitumbua.

Waumini wote waliokuwa mlangoni mwa kanisa wakageuza nyuso upande mwingine, kwa heshima.

Mwanahawa akakiokota, akakifuta kwa pindo la kanga, akampa.

"Na hiki kitumbua kilichoguswa," akasema, "utakula hapa hapa, mbele yao."

Akala.